Paka dume mwenye matatizo ya mkojo: maji tumpe ndani ya chakula, tusimsubiri bakulini

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Ndugu zangu wapenzi wa paka, salamu kwenu nyote. Naleta mada hii kwa sababu paka wangu dume, aliyehasiwa na ambaye hushinda ndani, aliziba njia ya mkojo, akawekewa mrija na daktari wa mifugo, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani tulipewa maagizo mawili makubwa: chakula kibadilike na maji yaongezeke. La kwanza linaeleweka. La pili ndilo linalowasumbua wengi wetu, kwa kuwa paka si mnyama wa kuamrishwa anywe, na mtu anaweza kujaza bakuli asubuhi akalikuta jioni limejaa vilevile.

Kabla sijafika kwenye maji, naomba kila anayefuga paka dume alishike jambo hili hata kama hatasoma mengine. Paka akiingia kwenye sanduku lake la mchanga mara kwa mara, akachuchumaa na kujikamua bila mkojo kutoka, au yakatoka matone yenye damu, akawa analia na kujilamba sehemu za siri bila kukoma, huyo si mgonjwa wa kuongezewa maji nyumbani. Ni wa kupelekwa kwa daktari saa ileile, hata kama ni usiku. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana karibu na mwisho wake, ndiyo maana majike huziba kwa nadra. Mkojo ukizuilika kabisa, figo hushindwa kutoa taka, potasiamu hupanda katika damu, mapigo ya moyo huvurugika, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili tu. Wako wanaodhani kwamba paka anayejikamua amefunga choo, wakampa mafuta ya kula na kusubiri, na kusubiri huko ndiko kunakoua.

Sasa tuje kwenye maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu ambaye sehemu kubwa ya maji yake aliyapata katika miili ya panya na ndege aliowakamata. Mwili wa panya ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 hivi. Mnyama aliyeumbwa kuishi namna hiyo ana figo zenye nguvu kubwa ya kuukoleza mkojo ili asipoteze maji, na kiu yake huchelewa kumsukuma aende kunywa. Uwezo huo ulimfaa jangwani, lakini ndani ya nyumba zetu unamletea shida, kwa maana mkojo mkolevu unaokaa muda mrefu kibofuni ndio unaorahisisha fuwele, yaani chembe ngumu za madini, kujijenga, na huendelea kukikera kibofu ambacho tayari kina uvimbe.

Tufanye hesabu kidogo. Paka mzima anahitaji takriban mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ukijumlisha anayokunywa na yaliyomo katika chakula. Wa kilo 4 basi anahitaji kama mililita 200. Akila gramu 60 za chakula kikavu cha pakiti, ambacho kina maji yasiyozidi sana asilimia 10, amepata mililita 6. Kasoro kiasi kidogo ambacho mwili wenyewe hukitengeneza unapotumia chakula, yote yaliyobaki inabidi ayanywe bakulini. Akila gramu 220 za chakula cha kopo, ambacho kwa kawaida kina maji ya asilimia 75 hadi 80, amekwisha kupata mililita 165 au zaidi kabla hajaligusa bakuli. Ni kweli kwamba paka wa chakula kikavu hunywa zaidi kuliko mwenzake, lakini hafidii pengo lote. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba nguvu zetu nyingi zielekezwe kwenye chakula chenye maji, na juhudi za bakuli, mtungi na chemchemi za umeme (vyombo vinavyoyazungusha maji yatiririke) zije nyuma yake kama nyongeza.

Hapa kwetu chakula cha kopo ni ghali na hakipatikani kila mtaa. Mimi hutumia kuku aliyechemshwa pamoja na mioyo na firigisi, nikamwaga supu yake juu ya nyama hadi inakaribia kuelea. Hiyo supu isimwagwe kamwe, kwa sababu taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa kwa muda mrefu hupofuka au huugua moyo, huyeyukia katika maji ya kuchemshia. Isiwe na chumvi, pilipili wala viungo vya pakiti, na zaidi ya yote isiwe na kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani hivyo huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Nyama peke yake haina madini yote anayohitaji, kwa hiyo sehemu ya mlo wake bado ni chakula maalumu cha mkojo alichoandikiwa na daktari, nacho hukiloweka kwa maji ya vuguvugu mpaka kilainike.

Ninachoomba kutoka kwenu ni uzoefu wa namna ya kumhamisha paka aliyezoea chakula kikavu tangu utotoni, na lolote mnalolijua kuhusu maji yenyewe, vyombo na mahali pa kuviweka. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji (Mombasa)

Shukrani kwa mada, na pole kwa mgonjwa. Nakubaliana nawe kuhusu chakula, ila usiyadharau maji ya bakulini, hasa pwani, ambako visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Nyumba yenye maji ya kisima ya kufulia na maji matamu ya kununua ya kunywa, paka kwa kawaida huwekewa yale ya kufulia, kisha watu hushangaa kwamba hayataki. Mimi nina kanuni moja: paka hunywa maji yale ninayokunywa mimi. Ya bomba yenye harufu kali ya dawa nayaacha katika chombo kilicho wazi usiku mzima, na asubuhi harufu huwa imepungua.

Kuhusu vyombo, paka wengi huonyesha kupenda bakuli pana lililojaa karibu na ukingo, wasilazimike kuingiza kichwa ndani. La udongo lililopakwa rangi ya kung'aa, la kioo au la bati jeupe ni bora kuliko la plastiki, ambalo hukwaruzika na kushika utelezi na harufu. Lioshwe kila siku, si kuongezwa maji juu ya yale ya jana. Lisiwekwe kando ya sanduku la mchanga, na ikiwezekana lisigusane na sahani ya chakula. Weka mabakuli kadhaa: moja ukumbini, moja chumbani, moja njiani anakopenda kupita. Wangu ana bakuli lake zuri, lakini anachokipenda ni ndoo ya bafuni, basi nimemwachia ndoo ndogo safi ya kwake, isiyo na sabuni wala maji ya kudekia.

Nalisema hili kwa sababu katika nyumba zetu za Kiislamu bado wako wanaomfukuza paka akikaribia chombo cha maji ya udhu, wakidhani ameyanajisi. Waliosoma wanakijua kisa cha sahaba Abu Qatada, ambaye paka alipokuja kwenye maji yake ya udhu alimwinamishia chombo mpaka akanywa, na mkwewe Kabsha alipomtazama kwa mshangao akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi. Paka mwenye maradhi ya mkojo akichagua mwenyewe mahali pa kunywa, tumshukuru Mungu na tumwachie, mradi maji ni safi.

Mchangiaji (Arusha)

Naomba kuuliza maswali mawili kwa mleta uzi. Je, kumpa maziwa hakuhesabiki kama maji, maana hayo huyanywa bila kubembelezwa? Na nimesikia kwamba ukitia chumvi kidogo kwenye chakula atapata kiu. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Ndugu yangu, maziwa ya ng'ombe siyashauri. Paka wengi wakishakua hupungukiwa na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, wakaharisha, na kuharisha kunamtoa maji yaleyale uliyokuwa unamtafutia. Chumvi ni kweli kwamba huamsha kiu, na baadhi ya vyakula maalumu vya mkojo vimeongezwa chumvi kwa kusudi hilo. Lakini vile vimepimwa kiwandani na vimewekewa uwiano na madini mengine. Chumvi ya kukadiria kwa vidole nyumbani, kwa paka ambaye pengine figo zake au moyo wake una tatizo usilolijua, ni hatari ambayo sioni sababu ya kuiingia wakati supu isiyo na chumvi inafanya kazi hiyohiyo.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Mada ni nzuri na imeandikwa kwa uangalifu. Nami nitaongeza yale ambayo huwa nayaeleza kila mara kliniki.

Kwanza, "matatizo ya mkojo" si ugonjwa mmoja. Katika paka walio chini ya umri wa miaka 10, kundi kubwa kuliko yote ni wale wenye uvimbe wa kibofu usio na chanzo kinachoonekana, yaani hakuna bakteria wala jiwe, na msongo wa mawazo unachangia sana. Baada ya hao wapo wenye mawe, na madume wenye kizibo cha utelezi uliochanganyika na fuwele. Maambukizi ya bakteria katika umri huo ni machache, ndiyo maana nasikitika ninapokuta paka amepigwa sindano za antibayotiki kila anapokojoa damu bila mkojo wake kupimwa hata mara moja. Kwa paka wazee hali ni tofauti, na kwao vipimo vya bakteria vina maana zaidi.

Mawe nayo yana aina zake. Yale ya struviti, ambayo ni magnesiamu, amonia na fosfati, hujengeka zaidi mkojo unapoelekea kuwa wa alkali, na mara nyingi huyeyuka ndani ya wiki kadhaa kwa chakula maalumu pekee, bila kisu. Yale ya kalsiamu oksalati hayayeyuki kwa chakula. Yakishakuwa makubwa hutolewa kwa upasuaji. Macho hayawezi kuzitofautisha aina hizi kutoka nje, na chakula kinachosaidia moja si lazima kisaidie nyingine. Kwa hiyo picha ya eksirei au ultrasaundi na kipimo cha mkojo havikwepeki. Hata hivyo, dawa moja inayozifaa aina zote, na hata kibofu kisicho na jiwe, ni mkojo uliopunguzwa ukali kwa maji. Mkojo wa paka unaweza kufikia uzani wa 1.050 au zaidi ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000. Kwa mgonjwa wa kibofu wengi wetu hulenga ushuke chini ya 1.030, na kipimo chake kinahitaji tone moja tu.

Kuhusu hoja ya chakula chenye maji, upo utafiti wa mwaka 1999 uliochapishwa na Markwell pamoja na wenzake, akiwemo Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani. Paka 46 wenye ule uvimbe wa kibofu usio na chanzo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, wengine wakila chakula maalumu cha kopo na wengine cha aina hiyohiyo kilicho kikavu. Dalili zilirudi kwa asilimia 11 ya waliokula cha kopo na asilimia 39 ya waliokula kikavu. Idadi ya paka ni ndogo, lakini tofauti hiyo inalingana na tunayoyaona kliniki.

Pili, ninaomba tusiwanyweshe paka maji kwa nguvu kwa bomba la sindano kila siku. Maji yanaweza kuingia kwenye mapafu, na paka akishajua kwamba ukimshika utamlazimisha, ataanza kukukimbia, msongo utaongezeka, na msongo wenyewe ni sehemu ya ugonjwa.

Tatu, tusimpe Panadol kwa ajili ya maumivu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuiondoa parasetamoli, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zitaharibu figo ambazo tayari zimeelemewa. Dawa za maumivu zinazomfaa paka zipo, na daktari wake ndiye wa kuzipanga.

Mwisho, paka mzee wa miaka 12 ambaye ghafla anamaliza bakuli zima na kukojoa madimbwi, huyo si kwamba anakunywa vizuri, anaumwa. Huenda ni figo, kisukari au tezi ya shingo. Apimwe.

Mchangiaji (Mwanza)

Daktari, asante sana. Huku kwetu paka analishwa ugali na dagaa, na sidhani kwamba hilo litabadilika kwa wenye kipato cha chini. Tufanyeje?

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Swali lako ni la maana kuliko unavyodhani, kwa sababu ushauri usiofika kwenye sufuria ya mtu hauna faida. Ugali wenyewe una maji mengi, ila paka ni mla nyama, na nafaka nyingi katika mlo huusukuma mkojo kuelekea alkali, ambako struviti hustawi. Dagaa wakavu nao wamepoteza maji yote juani, na kwa kuwa huliwa na mifupa wana fosforasi na magnesiamu kwa wingi. Kwa hiyo waoshe mchanga wote utoke, waloweke, uwachemshe katika maji mengi, kisha umpe nyama yao laini pamoja na mchuzi wake, ukipunguza ugali na si dagaa. Pale unapoweza, changanya na yai lililochemshwa, utumbo, mapafu au vichwa vya kuku vilivyochemshwa, ambavyo bei yake huvumilika katika masoko mengi. Maini yasizidi kipande kidogo mara moja moja kwa wiki, kwani vitamini A ikijaa mwilini huharibu mifupa. Kwa paka ambaye hajawahi kuugua, hayo ni maendeleo makubwa. Kwa aliyekwisha kuziba, nitakuwa siwatendei haki nikisema yanatosha. Huyo anahitaji kufuatiliwa kwa vipimo.

Mchangiaji (Muscat)

Nawasalimu kutoka Oman. Kwetu tatizo ni kinyume: vyakula vya kopo vimejaa madukani, lakini paka kutwa nzima yumo ndani ya kiyoyozi, hatoki, hachezi, ananenepa, na nyumba yenye paka wanne ina bakuli moja na sanduku moja. Wangu alikuwa hanywi kwa sababu jike mkubwa hujilaza mbele ya bakuli, hampigi wala hamfukuzi, anamtazama tu. Nilipoweka maji vyumba tofauti na kuongeza masanduku, moja kwa kila paka na la ziada juu, alianza kunywa na kukojoa kwa utulivu. Kwa hiyo mleta uzi, kama una zaidi ya paka mmoja, keti uwaangalie kwa makini kabla ya kulaumu maji.

Kuhusu kumhamisha kutoka chakula kikavu, ushauri wangu ni uvumilivu. Anza kwa kijiko cha chai cha maji ya vuguvugu juu ya chakula chake cha kawaida, akikikubali uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Sahani ya chakula laini iwekwe pembeni ya kile kikavu bila kumlazimisha, ikiwa na uvuguvugu wa mwili, kwa sababu harufu ndiyo inayomshawishi. Usimfungishe njaa ili akubali.

Mleta uzi

Nashukuru sana, dada yangu wa Muscat, na hilo la mwisho naomba lisisitizwe. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na ini hushindwa kazi, hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa mkojo. Msemo wa "njaa ikimuuma atakula" haumfai mnyama huyu. Kwangu uvuguvugu umesaidia sana. Chakula kilekile anachokikataa kikitoka kwenye friji hukila nikikichanganya na supu ya moto kidogo. Kwa joto la Dar es Salaam, chakula chenye maji kisiachwe sahanini zaidi ya saa moja au mbili, kwa hiyo humpa milo midogo mara nyingi. Milo midogo yenye supu pia humwongezea maji kila mara, badala ya kumpa yote kwa mkupuo.

Nimejaribu pia kumgandishia supu iwe vipande vya barafu, na kuona vinampendeza wakati wa kaskazi tu. Chemchemi ya umeme nimeazimwa. Aliitazama zaidi kuliko alivyoinywa, ingawa najua paka wengine hawanywi kwingine. Mwenye uwezo ajaribu, asiyekuwa nao asihuzunike.

Mchangiaji (Arusha)

Je, unajuaje kwamba maji yameongezeka kweli, ikiwa mengi yanapitia kwenye chakula?

Mleta uzi

Kwa kuutazama mkojo. Ninatumia mchanga unaogandana, hivyo kila anapokojoa hubaki donge moja, na ninapolisafisha sanduku asubuhi na jioni naona idadi ya madonge na ukubwa wake. Madonge makubwa machache ni habari njema. Madonge mengi madogo kama kunde ni dalili kwamba kibofu kinakereka tena, na kutokuwa na donge kabisa, huku akiingia na kutoka sandukuni, ni safari ya kliniki bila mjadala. Asiye na mchanga wa kununua anaweza kutumia mchanga wa kawaida uliochekechwa. Hautagandana vizuri vile, lakini unyevu na harufu vitamweleza mengi, kwani mkojo uliopata maji huwa na rangi hafifu na harufu isiyochoma pua. Anayetaka kupima ya bakulini apime kwa kikombe chenye alama asubuhi, apime yaliyobaki baada ya saa 24, na aweke bakuli jingine la kulinganishia mahali ambapo paka hafiki, maana kwenye joto letu maji mengi hukauka yenyewe.

Daktari alituagiza turudi na mkojo upimwe tena baada ya chakula kubadilishwa, na uangalizi uwe mkali zaidi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa madume wengi waliowahi kuziba huziba tena kipindi hicho. Nitaleta majibu ya kipimo hapa yakitoka. Wakati huo, mwenye paka aliyekwisha kuhama kabisa kutoka chakula kikavu, na ambaye anajua duka la Dar es Salaam au Zanzibar linaloleta chakula cha mkojo cha kopo bila kukatikakatika, naomba atuandikie bei na upatikanaji wake.